Dakika Saba za Kanuni ya Tisa

Peimen, 3 Machi 1987

Mwanangu A-yun,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba unakula. Usiniandikie tena "ninakula vizuri". Niandikie umekula nini.

Huku samaki wa mwatiko wamekuja wengi bandani tunakofanyia kazi. Tunatoa miiba tangu asubuhi, na karatasi hii ikinuka samaki unisamehe. Msimamizi bado ameniachia saa ya chumba cha mvuke. Mimi ndiye ninayegonga kengele dakika ya kumi na nane, maana ikifika ya kumi na tisa nyama inaachana na mfupa. Wenzangu wananitania, "Yue-tao, wewe shule uliikimbia darasa la tatu, lakini saa ndiyo imekusoma." Nacheka nao.

Sasa sikiliza. Jumapili nilikwenda hekaluni kukuombea. Nilirusha vile vipande viwili vya mti, nikamwuliza mungu kama mtashinda mashindano yenu ya tarehe ishirini na moja. Vyote vikalala kifudifudi. Nikarusha tena. Mara saba, A-yun, na mara saba akasema hapana. Watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunong'ona. Mama Kuo, yule wa duka la mishumaa, akanivuta mkono: "Dada, unamwuliza vibaya. Usimwulize kama atashinda. Mwulize kuhusu saa." Nikauliza kama kuna saa mbaya siku hiyo. Kimoja kikalala kifudifudi, kingine chali. Ndiyo. Mara tatu mfululizo.

Mtunza hekalu akafungua kalenda. Tarehe ishirini na moja, saa ya Joka, yaani kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi, inagongana na waliozaliwa mwaka wa Mbwa. Wewe ni wa mwaka wa Mbwa. Ikishapita saa tatu inaingia saa ya Nyoka, na hiyo haina neno na wewe.

Kwa hiyo usikabidhi kitu chochote kabla ya saa tatu. Nakuomba kama mama yako. Na unitumie hizo kanuni za mashindano, nijue unaingia wapi.

Mama yako,
Hung Yue-tao


Taichung, 8 Machi

Mama,

Leo nimekula wali, kabichi, na nusu ya yai la Hui-chu. Yeye hali kiini, anasema kinamtazama. Umeridhika?

Mama, mashindano hayana Joka wala Nyoka. Yana kigari kimoja cha mbao, kinachoendeshwa na ukanda wa mpira uliosokotwa, na kinatakiwa kwenda mita kumi kwa sekunde ishirini kamili. Ukifika mapema unapunguziwa, ukichelewa unapunguziwa. Mimi na A-chu, huyo huyo Hui-chu wa kiini cha yai, tumekiendesha mara mia mbili na kumi. Yeye ndiye mwenye mikono, mimi ndiye mwenye hesabu. Mwalimu Yen anasema hajaona jozi kama sisi tangu aanze kufundisha, na yeye si mtu wa kusifu. Juzi alimwambia mwenzetu mmoja kwamba kigari chake kinafaa kubebea vitunguu.

Kanuni nimekunakilia nyuma ya karatasi hii. Zinazokuhusu wewe mwenye wasiwasi ni mbili. Ya nane: vigari vinakabidhiwa mezani kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi, na ukishakabidhi hukigusi tena mpaka zamu yako. Ya tisa: timu mbili zikilingana, iliyokabidhi mapema ndiyo ya kwanza. Na kukabidhi maana yake ni "timu kufika mezani ikiwa tayari".

Wa kwanza wanaingia Chuo Kikuu cha Ualimu bila mtihani wa Julai. Wa pili wanapewa cheti na kalamu. Unajua mtihani wa Julai una insha na maandishi ya kale, na unajua mimi na maandishi ya kale. A-chu hata huo mtihani hataufanya. Baba yake amesema asipopata nafasi hii anaenda kiwanda cha nguo, ameshamwombea kitanda huko bwenini.

Lakini usiwe na mashaka. Ukija, njoo na wali wa kwenye mwanzi, wa watu wawili.

Mtoto wako,
A-yun


Peimen, 12 Machi

Mwanangu,

Nimesoma kanuni mwenyewe, na maneno manne yaliyonishinda nilimwuliza binti wa Mama Kuo. Ile ya tisa nimeisoma mara tatu. Naona inasema habari ya kulingana tu. Kama hamkulingana haina kazi. Na ile ya nane inasema mpaka saa tatu na nusu. Basi kutoka saa tatu mpaka saa tatu na nusu kuna nusu saa nzima, na meza iko wazi, na hakuna anayekukataza. Sikuombi uvunje kanuni. Naomba utumie ile nusu saa ya mwisho badala ya ile ya kwanza.

Jana nilirudi hekaluni kuuliza kama hiyo inatosha. Vipande vyote viwili vikalala chali. Unajua maana yake, mungu anacheka. Mtunza hekalu akasema kicheko si hapana, nirushe tena. Sikurusha. Sikukipenda kile kicheko, nikaona nikirusha tena nitasikia kitu nisichotaka.

Utasema mama yako ni mtu wa zamani. Sema. Lakini nina wewe tu, na tangu siku ile ya vipande saba nikitoa miiba najikata. Nimejikata vidole vitatu wiki hii, mimi ambaye sijajikata miaka minne.

Nitapanda treni ya Ijumaa kutoka Hsinying. Wali wa watu wawili nitaleta, na wa tatu wa mwalimu. Tukutane langoni kabla hujaingia.

Mama yako


Taichung, 24 Machi

Mama,

Natumaini ulifika salama. Samahani sikukusindikiza stesheni, mambo yalikuwa mengi.

Matokeo yametoka rasmi. Tulikosa ile ishirini kamili kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Timu moja ya Changhua nayo ilikosa kwa sehemu moja ya kumi. Wao sekunde ishirini na kidogo, sisi ishirini kasoro kidogo. Mwalimu Yen alirudia kusoma karatasi mara nne.

Wao walikabidhi saa mbili na dakika hamsini na tano. Sisi tumeandikwa saa tatu na dakika mbili.

Si kosa la mtu yeyote. Usikae kulifikiria. Mwalimu Yen amepeleka malalamiko kwa Kamati, anasema neno "kufika mezani" linaweza kusomwa kwa njia zaidi ya moja. Yeye ni hodari wa kusoma kanuni. Wewe endelea na kazi zako.

A-chu ni mzima. Aliniuliza mara moja tu kuhusu gundi. Maana asubuhi ile nilimwambia tunangoja gundi ya ekseli ikauke. Ilibidi nimwambie kitu, Mama. Ulikuwa umenishika mkono wa shati, na yeye alikuwa amesimama pale na kigari kifuani, akitutazama.

Ukiandika, usimtaje Joka. Mimi na A-chu huwa tunasomeana barua za nyumbani.

A-yun


Peimen, 28 Machi

Kwa Waheshimiwa wa Kamati ya Mashindano,

Mimi ni Hung Yue-tao, mama yake Ko Pi-yun. Mmeniandikia kwamba jina langu liko katika daftari la wageni wa lango, mkaniuliza watoto walifika saa ngapi na kwa nini walichelewa kukabidhi. Sikusoma sana, mtanisamehe mpangilio.

Watoto walikuwa tayari saa mbili na dakika arobaini. Kigari kilikuwa kizima, mwenzake alikuwa amekibeba. Tulikuwa chini ya ukumbi, hatua kama hamsini kutoka mezani, na niliposimama mimi meza ilionekana. Mimi ndiye niliyewazuia. Kalenda ilisema saa ile ni mbaya kwa mtoto wangu. Mtoto alisema, "Mama, niache niende." Sikumwachia. Alisema mara mbili. Saa ya ukumbini ilipogonga saa tatu nikamwachia, na foleni ilikuwa na watu wawili mbele yao, ndipo wakaandikwa saa tatu na dakika mbili.

Yule mama wa mezani, Bi Fang, alikuwa pale muda wote. Namjua kwa sababu aliniona nimesimama akaniletea kiti na maji ya moto, akarudi kukaa. Alikuwa mtu mwema.

Kwa hiyo kosa ni langu. Naomba kanuni ya tisa isomwe hivi: walikuwa tayari, na kama kuna adhabu ya dakika saba basi niadhibiwe mimi ambaye si mwanafunzi. Msiwaadhibu watoto wawili kwa mkono wa mama mmoja.

Nimeweka muhuri wangu na nimeandika jina kwa mkono wangu.

Hung Yue-tao


Taichung, 28 Machi

Mama,

Soma barua hii mwenyewe, usimpe binti wa Mama Kuo.

Utapata barua ya Kamati, kama hujaipata. Usiogope ikiwa na muhuri mkubwa. Wanataka kujua tulifika mezani saa ngapi. Mwalimu Yen ameshaandika maelezo, na mimi na A-chu tumeyatia sahihi. Yanasema tulifika mezani saa mbili na dakika hamsini, kigari kikiwa tayari, lakini mwandishi hakuwepo kwenye kiti chake, tukangoja mpaka aliporudi. Kwa maneno ya kanuni, "kufika mezani ikiwa tayari", tuliwatangulia Changhua kwa dakika tano.

A-chu alitia sahihi kwa sababu mimi nilitia. Alikuwa na kigari chini ya ngazi, hakuona meza. Aliniangalia akasema, "Ni kweli, A-yun?" Nikasema ni kweli.

Basi andika mistari minne tu. Sema uliona tukipanda saa mbili na dakika hamsini, na kwamba kiti kilikuwa kitupu. Weka muhuri, peleka posta. Usiongeze kitu. Wewe unapenda kuongeza.

Najua ni vibaya. Sitaki tuzungumze juu yake. Nataka iishe.

A-yun


Taichung, 4 Aprili

Kwa Mama Ko,

Salamu kwako na kwa wote bandani. Na asante kwa wali, ulikuwa mtamu.

Kamati imeniita na kunionyesha barua yako. Mbele yao kuna maelezo mawili yasiyokaa pamoja. Ya kwangu na ya watoto yanasema mwandishi hakuwa mezani. Ya kwako yanasema alikuwepo na hata alikuletea kiti. Watakaa tarehe kumi na tano. Wakishika ya kwako, sahihi za watoto zitakuwa za uongo. Hapo hatuzungumzii tena kalamu na cheti. Watafutwa kwenye orodha, na jambo hilo litaandikwa katika kumbukumbu za mwenendo wao, ambazo kila chuo huzisoma.

Sikulaumu. Mama anaandika kwa moyo. Lakini nakuomba ufikiri kama ninavyofikiri mimi, maana nimekaa na kanuni hizi miaka kumi na moja. Bi Fang ni mwandishi wa muda tu, ameshaambiwa akae nyumbani mpaka shauri liishe. Yeye atapata kazi nyingine. Watoto wetu hawatapata mwaka mwingine.

Njia ipo, na si ya aibu. Andika upya kwamba wewe hujui kusoma saa. Kwamba barua ya kwanza uliandikiwa na mtu, na saa zile ulizikisia. Watu wa kijijini wa umri wako wako wengi namna hiyo, hakuna atakayeshangaa. Safari hii usiandike jina wala usitumie muhuri. Weka dole gumba. Itaaminika zaidi.

Pi-yun hajui kwamba nakuandikia. Tumwache asome.

Mwalimu Yen


Peimen, 8 Aprili

Kwa Waheshimiwa wa Kamati,

Mimi mama yake Ko Pi-yun sijui kusoma saa. Barua ya kwanza niliandikiwa na jirani, naye aliandika alivyosikia. Ni saa ngapi watoto walipanda siwezi kusema. Kama kiti cha mezani kilikuwa na mtu au kilikuwa kitupu siwezi kusema, maana mambo ya ukumbini ni mageni kwangu na nilikuwa na hofu.

Naomba barua ya kwanza iwekwe kando.

(alama ya dole gumba)


Taichung, 9 Aprili

Mama,

Usiandike chochote. Kama Mwalimu Yen amekuandikia, usimjibu.

Jana alinituma ofisini kwake nikachukue karatasi za mazoezi. Chini yake kulikuwa na nakala ya barua yake kwako. Niliisoma nimesimama. Nilipofika pale penye "hujui kusoma saa" nilikaa kwenye kiti chake. Nikakumbuka ukinifundisha saa kwa miiba ya samaki juu ya meza, mwiba mrefu na mwiba mfupi, sijaanza hata shule. Halafu nikafika pale anapokuambia uweke dole gumba.

Sikuomba ruhusa ya kutoka. Nilipanda basi mpaka ofisi ya Kamati, nikawaambia sahihi yangu ni ya uongo. Nimesema meza haikuwa tupu, A-chu hakujua, na barua yako ya kwanza ni ya kweli neno kwa neno. Yule mwenyekiti, mzee mwenye miwani, aliandika yote. Aliniuliza, "Unajua unachokifanya, binti?" Nikasema ndiyo. Sidhani kama nilijua.

Niliporudi nilimwambia A-chu. Nilimwambia yote, kalenda, saa ya Joka, shati. Alikuwa anafua soksi. Alizikamua zote akazianika, moja moja, halafu akaenda darasani. Tangu jana anahesabu matofali ya ukuta ninapoingia.

Mwalimu Yen hajanisemesha pia. Sasa nina nafasi ya kutosha mezani wakati wa chakula.

Nimekula uji, Mama. Lakini tafadhali, usiwe umeandika.

A-yun


Peimen, 11 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika leo adhuhuri. Niliacha samaki katika mvuke nikakimbia posta nikiwa na aproni. Karani akaniambia, "Shangazi, mfuko wa tarehe nane umeshafika Taichung na kurudi." Nilimwuliza kama barua inaweza kuitwa irudi. Akacheka, lakini hakuwa na ubaya.

Nilirudi bandani, samaki walikuwa wamepita dakika ya ishirini na tano. Trei nne zimemwagwa. Hakuna aliyenitania.

Sasa hesabu nawe. Mimi nilisema kweli wewe uliposema uongo. Wewe ukasema kweli siku ile ile niliyotia dole kwenye uongo. Maelezo yetu yote manne yako kwenye meza moja na watu watano wanayatazama. Tarehe kumi na tano nitakuwepo. Usije, hata wakikuruhusu. Sitaki nikuangalie usoni ndipo nijue la kusema.

Mama


Peimen, 17 Aprili

A-yun,

Siku ya shauri mlangoni mwa shule walinikatalia kukuona, wakasema wageni ni Jumapili. Kwa hiyo nakuandikia, ingawa mengine umeshayasikia.

Walinikalisha mbele. Bi Fang alikuwa amekaa pembeni, mkoba juu ya magoti, kama mtu anayengoja basi. Mwenyekiti aliziweka barua zangu mbili kando kwa kando.

"Mama Ko, hizi zote ni zako?"

"Ni zangu."

"Moja ina jina, nyingine ina dole. Tumwamini nani?"

"Mwenye jina," nikasema. "Mwenye dole alikuwa anaogopa."

Mmoja wao, kijana kidogo, akasema kwa dharau, "Basi tusomee saa ile ya ukutani, tukuone." Nikamwambia ni saa nne na dakika kumi na saba, na kama hajali, akae kimya dakika moja nimwambie ya kumi na nane bila kuangalia. Alikaa kimya. Nikamwambia. Mwenyekiti akageuka kutazama ukutani, kisha akamtazama yule kijana. Bi Fang aliangalia mkoba wake.

Halafu wakasoma uamuzi. Kukabidhi ni kigari kuwa mikononi mwa mwandishi, si kuwa tayari chini ya ngazi. Dakika saba zinabaki dakika saba. Changhua ni wa kwanza. Bi Fang anarudi kazini. Mwalimu Yen hataongoza timu tena. Wewe na Hui-chu mmefutwa kwenye orodha kwa sababu ya sahihi. Kwako wameandika kwamba ulirudi mwenyewe kusema kweli, na jambo halitaingia kwenye kumbukumbu. Kwa Hui-chu hawakuandika hivyo, kwa sababu yeye hakurudi. Nilisema hakujua. Mwenyekiti akasema, "Alitia sahihi kitu asichokiona." Nilisema tena. Akasema, "Mama, tumesikia."

Nilipotoka huko nikaja shuleni kwenu, nikamkuta A-chu langoni. Baba yake alikuwa anafunga begi nyuma ya pikipiki, kwa kamba ya bluu. Hakunisalimu yule baba. Nilimkaribia A-chu nikamwambia, "Mwanangu, ni mimi. Si A-yun, ni mimi niliyemshika. Hakukuwa na gundi yoyote."

Akasema, "Najua, Mama A-yun. Kigari nilikuwa nimekibeba mimi. Niligusa ile ekseli tangu asubuhi, ilikuwa kavu kabisa."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, kwa nini hakupanda ngazi peke yake.

Alifikiri kidogo. Unajua anavyofikiri, anafunga jicho moja. Akasema, "Nilidhani A-yun anajua kitu nisichokijua."

Baba yake akamwita, akapanda, wakaondoka.

Anwani ya bweni la kiwanda nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Niliiomba kwa Mwalimu Yen mwenyewe, akanipa bila kuinua kichwa. Mtihani ni Julai, na wewe utaufanya, maandishi ya kale au yasiwe ya kale. Lakini kabla hujafungua kitabu, mwandikie A-chu. Usiniombee msamaha mimi humo, barua yangu kwake nimeshaipeleka posta jana. Sijui kama ataifungua.

Hung Yue-tao